Tikiti la Lailah

Siku hiyo redio ya Mama Tangawizi ndiyo iliyotuchokoza. Mama Tangawizi ni Nuriat. Anauza kahawa yenye tangawizi nyingi kuliko kahawa, hapa Kawempe, kando ya kibanda changu cha kushona viatu, na benchi lake ndilo bunge letu. Mtaalamu mmoja wa ndoa alikuwa hewani anatoa matokeo ya utafiti wake. Akasema wanaume wa Kampala wakishaoa huongea na wake zao mambo matatu tu: chakula, karo, na chaja iko wapi.

Kila mmoja alikuwa anatafuta jambo la nne.

"Mimi huwa nauliza pia nani ameacha taa inawaka," nikasema.

"Hongera, Bajeti," akajibu Mama Tangawizi. "Wewe ndiye bingwa wa mahaba."

Jina langu ni Siraje, ila kijiweni wananiita Bajeti kwa sababu kazi yangu ni kupanga, si kutekeleza. Tangu nimuoe Sitti nimepanga kumpeleka Entebbe kutazama ziwa. Mpango bado upo, na ziwa nalo bado lipo, kwa hiyo sioni haraka ni ya nini.

Oduor akamkatalia kabisa yule mtaalamu. Huyu ni Mkenya, anaendesha lori la soda kiwandani Nakawa, na tunamwita Mombasa. Alipita Mombasa mara moja akiwa na usingizi, lakini tangu hapo amejiteua msahihishaji wa Kiswahili chetu, ingawa yeye mwenyewe hawezi kutamka "sh" hata umlipe. Akasema mapenzi si maneno. Mapenzi ni vitendo.

"Mimi Filda nikimpelekea soda ile kopo imebonyea, anajua nampenda. Hakuna sida."

"Soda iliyobonyea?" Mama Tangawizi akauliza.

"Ndani ni soda ile ile, mama."

Mama Tangawizi akatutazama kama mtu anayetazama nguo kwenye kamba baada ya mvua. Akasema sasa anaelewa kwa nini mume wake mwenyewe alimposa kwa kumwambia "kahawa yako si mbaya," na kwamba tatizo letu si umaskini wala kazi nyingi. Ni uvivu wa ulimi.

Kawaida hapo angedakia Abdunoor, maana yeye ndiye mwenye kelele kuliko sisi sote. Lakini siku hiyo alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, kimya. Abdunoor ni Mnubi mwenzangu, fundi wa kuchonga matunda ya sherehe. Harusi, akika, utambulisho wa wachumba, akikupambia meza utaona nanasi limekuwa tausi na papai limefunguka waridi. Tikiti huligeuza bata maji mwenye shingo ndefu. Ila shingo ile humshinda kidogo, ikawa fupi, na ndiyo maana tunamwita Bata.

"Lafiki zangu," akasema mwishowe, "mimi nyumbani iko na shida. Lairah hanisemeshi."

Lairah ni Lailah, mkewe. Abdunoor alikulia hapa hapa kati ya Waganda, na ulimi wake ukafuata sheria za Kiganda, kwamba L na R hazigombani, zinapokezana zamu. Binti yao ana jina la Rukia kwenye cheti na Lukia kwa kila mtu anayemfahamu. Sisi tumemzoea. Masikio yetu humsahihisha yenyewe, wala hatujui kama yanafanya hivyo. Na wala hatumcheki sana, maana kila mmoja hapa ana kitu kilichomshinda. Oduor kashindwa na herufi moja. Mimi ngeli zimenishinda zote.

Kisa chenyewe kilianzia Ijumaa iliyotangulia. Abdunoor alitoka kwenye sherehe kubwa Nakawa na kaveera, ule mfuko wa plastiki, umejaa, akamwambia mkewe amemletea matunda. Lailah akamimina mezani. Yakatoka maganda ya tikiti, mkia wa nanasi, na nusu papai lenye shimo katikati, shimo la umbo la waridi kabisa, kwa sababu waridi lenyewe lilibaki kwa bibi harusi.

"Akasema nini?" nikauliza.

Abdunoor akakohoa. "Alisema, wengine unawapa tunda, mimi unaniletea tundu."

Mimi nilikumbuka viatu vya Sitti vilivyokaa chini ya meza yangu ya ushonaji tangu mvua zilizopita, nikasogeza mguu nivifunike.

Shida ikawa kubwa zaidi ya hapo. Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa harusi ya mdogo wake Lailah, huko Mbuya, nyumbani kwa ami yao, Afande Jafar, mstaafu wa jeshi. Mama yao angetoka kwao Bombo. Lailah alikuwa ameshafunga begi, na akasema waziwazi kwamba mume anayechonga majina ya wake za watu mji mzima akishindwa kuchonga jina la mke wake hata mara moja, yeye harusi ikiisha ataondoka na mama yake kwenda Bombo. Kurudi hakukutaja. Na Abdunoor anampenda yule mwanamke. Hilo sote tunalijua, isipokuwa Lailah, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia.

"Basi chonga jina lake," nikasema. "Kazi iko wapi?"

"Jina peke yake? Kama kwenye kabuli? Nataka neno, Bajeti. Neno moja la nguvu. Mimi maneno sina, nina kisu tu."

Hapo kijiwe kikageuka kamati. Nikapendekeza "Lailah, asante kwa yote." Mama Tangawizi akasema hayo ni maneno ya kumuaga marehemu. Oduor akaleta "Lailah juu, juu zaidi," tukamwambia hatupigi kampeni. Mama Tangawizi akataka "Lailah, nisamehe," Abdunoor akakataa, kwamba wakwe wataanza kuuliza kosa gani, na Afande Jafar akianza kuuliza haishii hapo, anataka mashahidi. Mimi nikaja na "Lailah, tuko pamoja." Nilidhani ni zuri. Wakaniuliza kama nimewahi kuoa.

Mwisho Oduor akanyanyuka, akafunga macho kama mtu anayevuta hewa ya bahari aliyoipita usiku.

"Fahari," akasema. "Lailah, fahari yangu. Fahari ni kitu unajivunia mbele ya watu. Kule pwani ukimwambia mke hivyo, hakuombi kitu mwaka mzima."

Neno likatupendeza wote. Hata Mama Tangawizi alilirudia kimyakimya, akakoroga kahawa bila kuhitaji.

"Sema tusikie," Oduor akamwambia Abdunoor.

"Fahali," akasema Abdunoor.

"Vizuri sana. Tena?"

"Fahali yangu."

"Sawasawa, hivyo hivyo," akasema Oduor, nasi tukaitikia kwa vichwa. Masikio yetu yalikuwa yamekwishafanya kazi yao.

Jumamosi tulimsaidia kubeba. Matunda yaliyochongwa hufunikwa vitambaa vyenye maji ili yasinyauke, kwa hiyo sisi tuliona vitambaa tu, na kazi yetu ilikuwa kutoangusha. Oduor alibeba tikiti la Lailah kwa uangalifu ambao lori la soda halijawahi kuuona. Njiani akawa anajisifu kwamba leo Kiswahili chake kitaokoa nyumba ya mtu.

Meza ilipendeza, siwezi kusema uongo. Matausi, mawaridi ya karoti, mabata wenye shingo fupi. Katikati lilikaa tikiti kubwa kuliko yote, limefunikwa. Wanawake wa Bombo walikuja wamejifunga gurbaba, zile shuka zao za kumetameta, Lailah kati yao, uso umefungwa kama duka siku ya Idi. Begi lake tuliliona garini kwa mama yake. Abdunoor naye aliliona. Akakivuta kile kitambaa.

Ile kazi ilikuwa safi. Kijani kimekwanguliwa pembeni, herufi zimesimama, chini yake weupe, na waridi jekundu limezunguka. Afande Jafar, ambaye husoma kila maandishi anayokutana nayo kwa sauti ya gwaride, akasogea, akavaa miwani.

"Lailah," akasoma, "fahali yangu."

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Mama mkwe akauliza kwa Kinubi fahali ni nini.

"Ng'ombe dume," Afande akajibu. "Yule mwenye nundu."

Oduor alirudi nyuma ya nguzo ya hema, na kwa mtu wa kimo chake nguzo ile haikutosha. Mimi niliinama kutazama viatu vyangu, nikagundua kimoja kimefumuka, fundi mzima. Watu wakaanza kucheka kwa kujizuia, ile ya kuweka mkono mdomoni, ambayo ni mbaya kuliko kucheka.

Abdunoor alielewa kwamba kuna herufi imekosewa. Lakini ni ipi? Jina la mkewe alikuwa amelinakili kutoka kwenye kadi ya mwaliko ili asikosee, lile neno jingine alilichonga kutoka masikioni mwake mwenyewe, na masikio yake aliyaamini kuliko kadi. Tikiti halifutiki. Basi akachukua waridi la karoti, akalibandika haraka juu ya herufi aliyoishuku. Akafunika L ya mwanzo ya Lailah.

"Ailah, fahali yangu," Afande akasoma upya, maana yeye haachi kitu.

Lailah akatoka katikati ya wanawake wa Bombo, akaja mpaka mezani. Akalibandua lile waridi, akalila. Akatafuna taratibu huku anamtazama mumewe.

"Baba Rukia," akasema, "ulitaka kuandika nini?"

"Fahali," akasema Abdunoor.

"Nini?"

"Fahali, Lairah. Kitu... kitu mtu anajivunia mbele ya watu. Wewe." Akawaonyesha wageni kwa mkono. "Nirikuwa nataka wajue."

Lailah aliufumba mdomo, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka ambacho nadhani kilikuwa kimekaa ndani tangu Ijumaa ile. Alicheka mpaka akaegemea meza, tausi wa nanasi akaanguka, na Abdunoor hakumwokota. Alikuwa anamwangalia mkewe tu, kama fundi anayeona kazi imekubali.

"Ami," Lailah akamwambia Afande, akijifuta machozi kwa ncha ya gurbaba, "liache hivyo hivyo. Kwenye nyumba ile nani anaamka kabla ya adhana? Nani alimfukuza mwizi na mwiko? Nani anavuta siku nzima bila kuambiwa pole? Huyu hajakosea. Leo ndiyo ameandika ukweli."

Wanawake wa Bombo wakapiga vigelegele, ngoma ya doluka ikarudi. Na tikiti lile halikuliwa. Jioni mama mkwe alipokuwa anaondoka, Lailah alimbusu mkono, akazunguka nyuma ya gari, akatoa begi lake, akampa mumewe abebe. Yeye mwenyewe akalibeba tikiti.

Jumatatu tukamsubiri Abdunoor kijiweni kwa hamu. Akachelewa. Alipofika vidole vilikuwa vinanuka papai, akasema siku hizi asubuhi kuna kazi ndogo ya kisu nyumbani. Hatukumhurumia.

"Kama mke ni fahali," Oduor akauliza, "wewe ni nani?"

"Mimi mchungaji."

"Wewe ni majani," akasema Mama Tangawizi, akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Oduor, ambaye heshima yake ya Mombasa ilikuwa imeingia doa, akataka kulirekebisha jambo mara moja. Akamkalisha Abdunoor chini amfundishe. Weka ulimi juu, akamwambia, utikise kama injini ya lori ikikataa kuwaka. Fa-ha-rrri. Hakuna sida. Abdunoor akainua mkono, akamzuia.

"Lairah amekataa," akasema. "Ananiambia, siku ukiritamka sawasawa, nitajua kuna mtu amekufundisha. Anataka lire neno langu."

Banange, jamani! Oduor akatazama kopo la soda alilokuwa nalo, akalipapasa pale lilipobonyea, akaaga akisema anapitia dukani kutafuta zima. Mama Tangawizi akaanza kukusanya vikombe. Abdunoor alikuwa ameshaondoka, na safari hii mfuko wake ulikuwa na embe zima, halijaguswa na kisu.

Mimi nikafunga kibanda mapema. Nikavitoa vile viatu vya Sitti chini ya meza, nikavishona, nikavipiga rangi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi, ulimi juu, injini inakataa kuwaka. Nikamkuta jikoni anachambua mchele. Nikaweka viatu mbele yake, nikasimama wima, nikamwambia, R imenyooka kabisa, hata Mombasa wenyewe wangepiga makofi:

"Sitti, fahari yangu."

Akaacha kuchambua. Akanitazama kwanza mimi, kisha viatu, kisha mimi tena.

"Nani amekufundisha?"