Farasi Mzima, Mchuaji Mbovu

Jumatatu, 4 Machi
Banda la farasi wa mbio linatafuta mchuaji. Kazi hiyo ni yangu. Nimechua wachezaji wa mpira tangu ujana, na misuli ni misuli. Ila shemeji, kaka wa mke wangu, naye ameomba. Yeye alisomea wanyama. Kusoma! Mimi nina mikono.
Mtihani Alhamisi: umwongoze farasi kwa kamba, kisha useme ana kasoro wapi. Mkufunzi wa banda anasema asiyejua mwendo wa mnyama asiguse misuli yake. Haya. Nitaujua kuliko mnyama mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Mbinu imepatikana. Ukitaka kumjua farasi, tembea kama farasi. Nimezunguka sebule kwa magoti na viganja: mguu wa kushoto, mkono wa kushoto, mguu wa kulia, mkono wa kulia. Naelewa! Mama mkwe kaingia, akauliza nimepoteza nini. Nikamjibu natafuta riziki. Akaenda jikoni kumuuliza binti yake kama siku hizi nalala vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Leo nimejaribu kwenda shoti, zile mbio za farasi. Kabati halikunipisha. Goti limevimba, kiuno kimekaza. Na mke wangu kamwita nani anichue? Shemeji. Ana mikono mizuri, mshenzi yule. Kanishauri nipumzike siku kadhaa. Hila tupu hiyo, anataka nisiende. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama, sasa sinyanyuki. Lakini kesho nakwenda, hata kwa kutambaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda. Nikapewa farasi jike mweusi. Alipiga hatua, akasita, akapiga, akasita. Nikatangaza mbele ya wote: mguu wa nyuma, kushoto! Mkufunzi akampa shemeji kamba. Farasi akaenda sawasawa kabisa. Mkufunzi akaeleza kwamba huyu ni mzima, ila amezoea kufuata hatua za anayemwongoza. Anayechechemea ni mimi.
Watu wa banda walicheka. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Kazi kapata yeye. Niliitaka kweli kazi ile.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Mengi! Kosa nimelipata: farasi hatembei kwa magoti. Ana miguu minne kamili, mimi nilikuwa na miwili tu. Lipo banda jingine ng'ambo ya barabara kuu, nalo litahitaji mchuaji siku moja. Kesho asubuhi tunaanza mazoezi uani. Mimi miguu ya mbele, mke wangu ya nyuma. Bado sijamwambia.