Kiti cha Heshima Mbele ya Spika

Sikio halilali njaa, na masikio ya watu wa benchi la Stephania pale Bugene yalikuwa yakishiba tangu asubuhi. Jumamosi ile habari ililetwa na Elpidius, ambaye kwa kupenda kutangaza walimwita Redio. Hakungoja hata kuketi.

"Jamani! Kwa Rwegoshora kuna mtoto mchanga anavalishwa mitambo masikioni, kama dereva wa greda!"

Rwegoshora alikuwepo hapo hapo, mwisho wa benchi, akitafuna punje za kahawa. Walimwita Babu Taratibu, kwa kuwa hata nyuki akimtua puani humwomba kwanza aondoke. Alimeza, akafuta mdomo.

"Si mitambo, waitu, ndugu zangu. Ni vifuniko vya kuzuia kelele. Shangazi yake mtoto, yule nesi, ndiye kaleta. Hivyo hapo."

Kweli vilikuwa hapo, vyekundu, mapajani mwa Stephania mwenye mgahawa. Aliacha chai yake kwenye jiko ili apunguze utepe kwa sindano, umkae vizuri mtoto. Hakuna aliyemtuma.

"Vya nini sasa?" aliuliza Xaveri, ambaye kwa kufundisha dini walimwita Katekista.

"Vya kesho," alijibu Rwegoshora.

Kesho yake ilikuwa sherehe ya ubatizo wa Kemirembe, mjukuu wake wa kwanza. Na tangu spika zifike kijijini, mwenye sherehe lazima akalishwe mbele yazo, karibu kabisa, ili sifa zisimwagike njiani. Bwana harusi alikaa hapo. Paroko alikaa hapo. Hata marehemu mmoja, Mungu amlaze pema, jeneza lake liliwekwa hapo, na watu wakasema amezikwa kwa heshima.

Polikarpi, mwenye spika zenyewe, aliyeitwa Ngurumo, aliweka kikombe chini.

"Yaani nilete spika mbili kubwa kama kabati, nichome mafuta ya jenereta, halafu mwenye sherehe azibwe masikio? Mzee, hayo ni matusi!"

"Na Padri akishamtaja jina," alidakia Xaveri, "watu watamwimbia jina hilo, yeye hasikii! Si ataitika lolote atakaloitwa na Shetani?"

"Mimi nilizaliwa ngoma zikilia mlangoni," alisema Redio akijipiga kifua. "Mbona nasikia?"

"Wewe unasikia hata yasiyosemwa," alisema Stephania bila kuinua macho. Benchi likatikisika kwa kicheko.

Polikarpi hakucheka. "Nasema mapema. Mtoto akivaa hivyo vidude, mimi spika zangu naziacha nyumbani. Wakwe zako wa Mabira wakija, uwaimbie mwenyewe."

Rwegoshora alivitazama vile vifuniko. Alhamisi Polikarpi alipojaribu spika zake kwa jirani, Kemirembe alishtuka hadi mikono ikaruka juu, akalia mpaka sauti ikakauka. Mama yake, Mukashema, alimziba masikio kwa viganja viwili jioni nzima, na chakula kikapoa mbele yake kwa kukosa mkono wa kulia. Ndipo bibi wa mtoto akaketi karibu, akamlisha mkamwana wake matoke mdomoni, tonge kwa tonge, bila neno. Rwegoshora aliyaona hayo, akamwambia Mukashema, "Mwanangu, Jumapili hutaziba kwa mikono." Leo akilegea, amemdanganya mkamwana. Akikaza, wakwe watakula matoke katika ukimya kama wamekuja msibani.

Polikarpi akaomba avione vifuniko. Alipangusa mikono kwenye suruali kwanza, ndipo akavipokea. Rwegoshora alimtazama akivigeuza polepole, kama mtu anayejua kushika vitu vya mtoto.

"Polikarpi mwanangu," alisema, "spika zikilia, wewe hukaa wapi?"

"Mimi? Nyuma. Nabadilisha kaseti."

"Na mkeo?"

"Nyuma zaidi, kwenye migomba. Ananisaidia."

"Na yule wenu anayenyonya?"

"Naye yuko na mama yake."

"Anasaidia nini?"

Stephania akaachia sindano, Xaveri akapaliwa na chai, na Redio akashuka kwenye benchi akakaa chini kabisa.

"Kaseti!" alipiga kelele Redio. "Anageuza kaseti upande wa pili!"

Polikarpi alikuna kichwa. "Mama yake ndiye hataki," alisema kwa sauti ndogo. "Anasema mbele panaumiza mtoto."

Rwegoshora alisubiri kicheko kiishe. Hakutaka mtu atoke pale amevuliwa nguo.

"Basi mkeo ana akili, na wewe una akili ya kumsikiliza. Mimi naona heshima iko anapokaa mwenye muziki. Mpe mjukuu wangu nafasi huko kwenye migomba, karibu na mwenzake. Na vifuniko avivae, maana spika zako zina nguvu hata kwa nyuma."

Hilo la nguvu lilimpendeza Ngurumo. "Aje," alisema. "Mkeka nitamtandikia mwenyewe."

Redio hakungoja kikombe cha pili. Hadi jioni, kuanzia Bugene hadi Kayanga, kila mtu alijua kuwa kiti cha heshima kimehamia nyuma.

Jumapili migomba ilijaa. Xaveri alikuja na kiti chake, Redio na kigoda, wazee wa ukoo wakabanana kama senene kwenye gunia. Katikati yao Kemirembe alilala na vifuniko vyake vyekundu, na Mukashema akala kwa raha.

Mbele ya spika walibaki wakwe tu. Rwegoshora aliwafuata mara mbili kuwaomba wasogee nyuma. Mzee Sebahire, baba yake Mukashema, alikataa kwa mkono: yeye si mtu wa kufichwa migombani, anajua nafasi yake. Akakaa hapo na koti lake hadi machweo, spika ikimpepea tai.

Wakati wa kuagana alimkumbatia Rwegoshora, akampigia kelele sikioni kwa furaha, kama mtu aliyezibwa masikio:

"Mmetuheshimu sana! Krismasi mje Mabira ninyi nyote, nimeshaulizia spika nne!"