Atakayefika Liuli Kwanza

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Ibaba.

Enesi, mjukuu wangu, daftari hili ulinipa wewe. Ukasema, Bibi, shule hukwenda lakini kisomoni umeshajua herufi, andika kila kitu, nitakuja kusoma. Masika mbili zimepita. Mbeya ni mbali kiasi gani? Miguu umeiuza? Naandika hivyo hivyo, ukisoma uone aibu.

Habari ni hii. Shangazi yako Elina amejifungua mtoto wa kike kule Liuli ziwani, anakofundisha mumewe Osward. Huyo Osward kaandika barua mbili. Moja kwangu, moja kwa mama yake, Loisi wa Isongole. Bibi atakayefika kwanza ndiye atakayempa mtoto jina. Mkwe namheshimu, lakini hapo alikosa akili.

Jina ninalo. Tusekile, la marehemu mama yangu. Hakuna aliyelibeba mpaka leo. Loisi akiwahi, litazikwa pamoja nami.

Meli inaondoka Itungi Alhamisi. Nimemtuma Timotheo wa kanisani amwambie Loisi ni Jumamosi. Timotheo akauliza kama nina hakika. Nikamwambia abebe salamu, maswali ayaache hapa.

Alhamisi, 8 Agosti. Itungi.

Meli haipo. Karani wa bandari anasema upepo umeishika kusini, itaondoka Jumamosi. Nikauliza Jumamosi ipi. Akasema hii, mama, kwani unazo ngapi?

Uongo wangu umekuwa kweli. Mbu wa hapa hawajawahi kuonja mtu wa mlimani. Wameitana.

Jumamosi, 10 Agosti. Melini.

Loisi kafika asubuhi hii. Kaoga, kavaa viatu, mwavuli mkononi. Mimi nanuka bandari. Akanishukuru mbele za watu: Mama Elina, umenifaa, bila salamu zako ningekuja Alhamisi nikateseka bure. Nikasema karibu. Ningesema nini?

Nimeuliza mabaharia. Liuli watu hushukia kwenye mitumbwi, kwa ngazi ya kamba. Basi wa kwanza ngazini ndiye wa kwanza ufukweni. Nimekaa hapo hapo ngazini, juu ya mkungu wangu wa ndizi. Jua linanichoma utosi. Sihami.

Wengine wanastarehe. Upande mmoja milima, upande mwingine maji mpaka yanapogusa mbingu. Baba mmoja anakoroma mdomo wazi. Loisi katandika mkeka kivulini, kavua viatu, anapunga vidole vya miguu. Kila akijigeuza, mimi nashika kamba.

Saa tisa kaniletea chai na dagaa usipa wa kukaanga. Nikajua anataka ninywe sana niende msalani, ngazi ibaki yake. Nikanywa nusu kikombe. Usipa nikala wote.

Akaketi. Akauliza, kwa upole, ningemwita mtoto nani. Sijui ni upepo ule au usipa, mdomo ukanifunguka. Nikamsimulia habari za mama yangu Tusekile, alivyonivusha mto mgongoni mwaka wa njaa, akanipa mahindi yake akisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Loisi akanifunika miguu kwa khanga yake. Nimeona haya, naandika haraka. Macho mazito.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni. Manda.

Nilisinzia. Honi ikalia, nikaruka. Ngazi inashushwa, mitumbwi iko chini, watu wanasukumana. Nikapita katikati yao kwa viwiko. Nyuma Loisi anaita, Mama Elina, siyo hapa, rudi! Nikacheka moyoni. Hila za kitoto. Nikashuka kamba mimi mwenyewe, umri huu, nikamwambia mpiga kasia akaze.

Nikauliza nyumba ya mwalimu Osward iko wapi. Akasema, bibi, hapa Manda. Liuli meli inafika kesho.

Nikageuka. Meli inaondoka. Loisi kasimama ngazini, pahali pangu, anapunga mwavuli. Ndizi zangu ziko miguuni pake.

Jumatano, 14 Agosti. Liuli.

Nimefika. Mitumbwi mitatu, na kutwa mbili kwa miguu. Visigino vimepasuka.

Elina mzima. Mtoto mzima, ana paji la uso la kwetu. Loisi anapika ndizi zangu. Wakaniambia jina limeshatolewa tangu Jumapili, kanisani. Nikauliza kaitwa nani.

Loisi akafuta mikono. Akasema, Tusekile. Kwani kulikuwa na lingine?

Nikampakata mtoto, nikamwita. Nikamwita tena. Nililia mpaka Elina akaninyang'anya mtoto asilowe.

Lakini nimekaa nimefikiri. Jina ni la mama yangu, mdomo uliolitoa ni wa Loisi. Liuli nzima inamsifu kwa moyo wake mwema, na mimi wananiita bibi aliyeshukia Manda. Hilo haliishi hivi hivi. Meli ya kurudi ni Jumatatu. Nimemwambia Loisi ni Jumatano. Akasema asante, Mama Elina, wewe ndiye unayejua mambo ya meli.

Sasa wewe Enesi. Ukija, basi litakushusha Isongole, na Loisi atakuita kutoka mlangoni, ana uji mzuri sana yule. Pita kama hukusikia. Panda mlima, uje kwangu kwanza, na njaa yako yote.