Mlei Pekee Anayestahili Kuongoza Ibada Konde

Jumapili, 8 Februari 2026

Siku kubwa! Baada ya Misa Padre Gaudensi ametangaza kwamba Kwaresima hii hataweza kutufikia kila Jumapili. Yuko peke yake Wete, vigango ni vingi, na gari lake huwaka linapojisikia. Kwa hiyo Jumapili asizokuja, mlei mmoja ataongoza Ibada ya Neno hapa Konde. Masomo, tafakari, sala, kila kitu isipokuwa mambo ya altareni. Tutamchagua Jumapili ijayo; leo ni kutaja majina tu.

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasubiri kutajwa. Nani mwingine? Nafundisha Historia kisiwani hapa Pemba tangu nikiwa na nywele. Nimesoma kila nilichokipata juu ya walei. Nimewaandikia wahariri makala zisizo na idadi kueleza kwamba mlei si mkia wa Kanisa. Mmoja alinijibu.

Mtu akasema: Anselmi! Kanisa likalipuka makofi.

Anselmi! Fundi wa feni na mafriji! Mtu anayecheka kabla hajaelewa! Jina langu nalo lilitajwa. Nililitaja mwenyewe, kwa sauti nene kidogo ili ionekane limetoka nyuma.

Mke wangu, Mama Kizito, ni wa kwaya. Nilimwona akimpigia Anselmi makofi. Nyumbani nilimuuliza. Eti alikuwa anaua mbu. Mbu, saa tano ya mchana, kwa mahadhi!

Jumanne, 10 Februari

Nimechunguza siri ya Anselmi. Ni joto. Kaskazi imekaza, Konde yote inachemka, na mtu anayeirudisha feni yako ikizunguka utamwona malaika. Huo si utakatifu, ni umeme.

Jioni nilimweleza sera zangu Mzee Msellem, mwenye nyumba ninayopanga. Babu zake walimiliki mikarafuu mpaka huko macho yanakochoka. Yeye ana duka la mchele na ulimi mkali. Ni Mwislamu, hana kura kwetu, lakini mtu mwenye sera huzieleza popote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama Fundi naye anagombea. Nikakiri. Akafurahi! Eti Fundi ni mtu wa watu, feni zote za msikitini kazifufua yeye, na hakukubali hata chai mpaka ya mwisho izunguke. Kisha akanigeukia. Mimi msikiti wao nimeufanyia nini? Nikamkumbusha kwamba mwaka juzi nilijitolea kuendesha mjadala.

Akasema mjadala haupepei.

Nimerudi ndani. Feni yetu inazunguka vizuri sana. Nimekumbuka nani aliitengeneza. Nimeizima. Mama Kizito ameiwasha. Nimeizima. Amesema nikiigusa tena nitalala uani.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepata! Kigango chetu hakipigi kura za karatasi. Wagombea husimama uani, kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka, Padre anahesabu vichwa. Sasa fikiria: jua la Februari, watu wamevaa nguo za Jumapili, kina mama wana watoto mgongoni. Watasimama wapi? Kivulini!

Asubuhi kanisa letu hutupa kivuli upande wa magharibi, kipana, kizuri, kinatosha waumini wote na mbuzi wa jirani. Upande wa mashariki ni tanuri. Nimechora mstari wa chaki upande wa magharibi na kuandika jina langu, KASIANI. Upande wa tanuri nimeandika ANSELMI, herufi ndogo.

Sijavunja kanuni yoyote. Nimelitumia jua aliloliumba Mungu mwenyewe.

Jumapili, 15 Februari

Siandiki. Sina nguvu.

Naandika. Historia lazima ihifadhiwe.

Misa ilikwisha vizuri, kivuli kikiwa kwangu. Padre akasema kila mgombea aseme maneno machache. Anselmi akasimama. Eti yeye ni Anselmi, wanamjua, na ana njaa. Akakaa. Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Hiyo ndiyo hotuba! Hakuna utangulizi, hakuna hoja, hakuna hata tarehe moja!

Nikaona kigango hiki kinahitaji elimu. Nikaanza na walei wa karne ya kwanza. Nikapita kwa wafiadini bila kuwaruka, maana ukimruka mmoja umewadharau wote. Padre akakohoa. Nikamwombea maji. Nikafika Bagamoyo, nikavuka bahari, nikaingia Pemba. Ilikuwa hotuba bora ya maisha yangu. Nilipofunga nilisikia kishindo cha shukrani. Walikuwa wanakimbilia mlangoni.

Nikatoka kwenda kusimama penye chaki yangu. Chaki inawaka! Jua limevuka paa! Kivuli chote kimehamia mashariki, kimemfunika Anselmi kama mwavuli wa mfalme, na kigango kizima kimejipanga humo, kinajipepea kwa vitabu vya nyimbo.

Nyuma yangu alisimama mtu mmoja, askari mgeni aliyehamishiwa juzi. Nilimshika mkono kwa machozi. Akaniuliza foleni ya kitubio huanza saa ngapi.

Na katika ule mstari mwingine, wa tatu kutoka mbele, mwenye kitenge cha kijani nilichomnunulia mimi: Mama Kizito. Amesema alikuwa na nia ya kuja kwangu, ila jua lilikuwa kali. Wafiadini walisimama motoni!

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Padre amekuja kutupaka. Nimeamua kufunga Kwaresima kwa moyo safi, bila kumwonea kijicho mtu yeyote.

Anselmi amepakwa msalaba mkubwa kuliko wangu.

Si mawazo yangu. Wake umeanzia penye nywele ukaishia penye nyusi, mweusi, mnene, unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wangu ni kama nzi ametua akaondoka. Nilirudi kwenye foleni. Padre akasema Mwalimu, wewe tayari.

Nikaenda nyumbani, nikachota jivu la jikoni, nikalikoroga na mafuta ya nazi, nikajirekebishia. Nikapita sokoni polepole, uso juu. Joto likafanya kazi yake. Nilipofika dukani kwa Mzee Msellem, msalaba ulikuwa umeshateremka, umepita puani, umeingia kwenye masharubu. Akashtuka, akamwita mkewe, Bi Moza. Lahaula, jiko limemlipukia Mwalimu! Bi Moza akatoka mbio na ndoo.

Nimelowa. Nimesimama mbele ya wateja wote nikaeleza maana ya majivu katika historia ya toba. Mzee Msellem akasema amefahamu, na akauliza mbona Fundi kapita na yake asubuhi, nayo hayakutembea.

Ijumaa, 20 Februari

Ramadhani imeingia. Mwaka huu mfungo wao na wetu umeandamana, mchana Konde iko kimya, hakuna hata harufu ya kitunguu. Jioni mlango wa Mzee Msellem ulitoa sahani za futari kwa majirani. Muhogo wa nazi na samaki. Nilihesabu mtiririko dirishani. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa Anselmi, mtaa wa pili! Yetu ikafuata. Nimekula kwa uchungu. Ilikuwa tamu sana.

Kisha hodi. Anselmi mwenyewe. Anacheka, bila shaka. Ananiita Profesa. Padre amemwachia tafakari ya Jumapili, ukurasa mmoja, lakini yeye akisoma mbele ya watu ulimi unamkauka. Kuongoza sala ataweza, kuimba ataweza, je, nimsaidie kuisoma? Eti hakuna kigangoni anayesoma vizuri kama mimi. Amesema hivyo mbele ya mke wangu, na mke wangu ameitikia kwa kichwa.

Hila! Lakini hila ya namna gani? Nimefikiri kwa muda mrefu. Sikuiona. Basi ni ya ndani sana.

Nimekubali. Mama Kizito akafurahi, akaniambia jambo la ajabu. Kwamba nilipomsomea mama yake mgonjwa kitandani, yule mzee alikuwa anaacha kugumia ili asikie. Nisome tu nilichopewa, taratibu, kama siku zile, na watu watalia.

Nimeusoma ukurasa wa Padre. Ni mzuri. Ni mfupi. Hauna hata neno moja juu ya walei.

Nitauboresha.

Jumapili, 22 Februari

Anselmi aliongoza sala za mwanzo. Sauti nzito, watu wamefumba macho. Mama Kizito alimtazama kwa namna ambayo hajanitazama mimi tangu tulipohamia hapa na feni ya kwanza ikaungua. Damu ikanichemka. Nikapanda mimbarini. Ukurasa wa Padre niliuacha mfukoni.

Nikaanza kwa upole. Nikasema kuna walei wa kweli na walei wa umeme. Nikasema taifa la Mungu si friji, halipimwi kwa ubaridi. Nikasema kuna watu wanaopendwa kwa sababu ya kivuli tu. Sikutaja jina. Kila mtu alimtazama Anselmi. Anselmi akacheka, akatikisa kichwa, akaendelea kusikiliza! Hilo likanichoma zaidi. Mtu anayetukanwa kwa haki ana wajibu wa kuumia!

Nikapandisha sauti. Nikawaambia kigango hiki kilikataa elimu mchana kweupe. Nilikuwa naingia kwenye hoja ya pili kati ya tisa, nimeinua mkono, ndipo likatokea.

Wimbo.

Kila Mkristo anajua maana yake. Mhubiri akizidi, mtu wa kwaya huanzisha wimbo, wengine hudakia, na mhubiri hana la kufanya ila kufunga mdomo au kupiga makofi. Nimeona wakifanyiwa wengine. Wanyonge wasio na hoja. Sikuwahi kuota kwamba nitafanyiwa mimi. Sauti moja nyembamba, safi, kutoka upande wa kina mama. Kisha kanisa lote wima, vigelegele, ngoma.

Niliitambua ile sauti. Asubuhi iliniuliza nataka chai ya rangi au ya maziwa.

Tulipofika mlangoni kwetu Mama Kizito akasema alikuwa anaomba Mungu niutoe ule ukurasa mfukoni. Alisubiri, akasubiri. Hakutaka watu wanichukie.

Namsikitikia. Wivu ni ugonjwa mbaya, humwingia mtu hata dhidi ya mumewe.

Alhamisi, 26 Februari

Habari za kushangaza! Anselmi amejiuzulu!

Wenye samaki wa Tumbe wamemchukua. Mwezi huu wa futari samaki wanatakiwa kila siku, mafriji ya barafu yanagoma, na wanamtaka huko tangu alfajiri, Jumapili hadi Jumapili. Amempigia Padre simu, ameomba radhi, amesema apewe mwingine.

Mwingine! Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ametoka. Hesabu ya darasa la kwanza! Nilipata kura moja, ndiyo, lakini hakuna mwingine aliyepata hata hiyo.

Nimempongeza Anselmi kwa moyo wote. Nimemwambia Tumbe ina bahati. Nimepeleka suti kupigwa pasi. Nimemweleza Mzee Msellem. Akaniuliza kama Padre ameshasema. Nikamjibu kuna mambo hayahitaji kusemwa. Akaniombea kheri, kwa sauti ya mtu anayemwombea msafiri wa mbali.

Jumamosi, 28 Februari

Padre amepiga simu. Nilipokea nikiwa nimesimama, suti mwilini. Akanisalimu, akauliza hali ya nyumbani, akaniomba nimpe simu Mama Kizito.

Nikadhani ni mambo ya kwaya.

Wakaongea. Nilimwona akisema hapana, Padre, mimi siwezi. Kisha akaketi. Kisha akasema basi, kama umeamua.

Ni yeye. Mke wangu! Ataongoza Ibada kuanzia kesho mpaka Jumapili ya Matawi. Nilimnyang'anya simu, nikamuuliza Padre kwa msingi gani. Akanijibu kwamba yeye mwenyewe hajaweza kumnyamazisha Mwalimu Kasiani tangu apewe upadre. Aliyeweza, tena kwa kuimba, anafaa kukabidhiwa kundi lolote. Akanikumbusha pia kwamba katika barua zangu zote kwake nimesisitiza walei wanawake wapewe nafasi. Ni kweli. Nilikuwa nazungumzia wanawake kwa ujumla!

Majirani wamejaa ukumbini. Bi Moza amekuja kumpongeza, amemshika mikono yote miwili. Anselmi amepiga simu kutoka Tumbe, anacheka mpaka sikioni kunauma. Anatuma samaki changu watatu. Hakuna aliyeniuliza suti ni ya nini.

Walipoondoka Mama Kizito alifunga mlango. Akasema anaogopa. Akaniomba nimsaidie: nisome somo la pili. Akanitazama. Alinitazama kama anavyomtazama Anselmi akiimba, nadhani, ila mwanga ulikuwa hafifu na mimi nilikuwa nafikiria jambo.

Somo la pili! Lile fupi linalosomwa watu wakitafuta sadaka mifukoni! Mimi!

Nimekubali, kwa unyenyekevu. Nimelipitia. Lina mistari michache tu. Lakini nimepekua kanuni zote za ibada nilizonazo, na hakuna hata moja inayomkataza msomaji kufafanua kidogo kati ya mstari na mstari.