Herufi Nyembamba Kuliko Zote

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni leo! Bosi katangaza asubuhi, kabla hata hatujawasha mashine: anafungua tawi la pili la duka letu la mabango, kule karibu na stendi, na mkuu wa tawi atatoka kati yetu wawili. Mimi au Rula. Duka zima lina wafanyakazi wawili, kwa hiyo nusu ya ushindi tayari ninayo mfukoni.

Rula ni mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu anapima kila kitu, hata mkate kabla ya kuuma. Yeye kasomea chuo. Mimi nimejifundisha mwenyewe, kwa video, kwenye simu yenye ufa. Ndiyo maana yeye ana cheti na mimi nina kipaji.

Mtihani wetu ni mgahawa wa Kijapani unaofunguliwa Jumamosi ng'ambo ya barabara. Wana sushi, ule wali unaoviringishwa na samaki mbichi, na wana meza zenye bamba la chuma la moto katikati. Wateja wanalizunguka, mpishi anachoma nyama hapo hapo huku anachezea visu. Wanataka bango kubwa la mlangoni. Bango likipendeza, Jumamosi jioni tunakula huko, Bosi na sisi wawili, na mkuu wa tawi atatajwa mezani.

Nikamwambia Bosi mambo ya Kijapani nayajua kwa undani. Kaniuliza undani upi. Nikasema ule wa ndani kabisa. Kaniangalia muda mrefu. Nadhani kavutiwa.

Sijawahi kula sushi. Lakini nimeona video, na kuona ni nusu ya kula.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi! Wajapani wanakula kwa vijiti viwili. Nimetumia penseli mbili. Saa ya kwanza: nimeokota vifutio. Saa ya pili: nimeokota pini moja, ikaniponyoka, ikaingia kwenye mashine ya kuchapa, mashine ikalia kama mbuzi. Rula kaifungua, kaitoa, kaipima. Ananiudhi mtu anayepima pini!

Nyumbani nikaendelea. Ninakaa kwa dada yangu mkubwa. Nikala wali kwa penseli. Dada kaangalia punje tatu zikipanda na kumi zikishuka, kasema nikishashiba hewa, kijiko kiko kabatini.

Nikamweleza sehemu muhimu. Kwenye yale mabamba, mpishi huchota kamba wa baharini aliyeiva kwa mwiko wa chuma, akamrusha, na mteja anamdaka kwa mdomo. Asiyedaka anaonekana mshamba. Nikamwomba Dada anirushie karanga. Kakubali upesi mno. Kanirushia ishirini. Nimedaka sifuri. Moja iko puani hadi sasa. Dada kasema hajafurahi hivi tangu harusi yake.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya bango. Mama Mgahawa, yaani mwenye mgahawa, kaja mwenyewe. Mama mzito, mikono imejaa bangili, kicheko kinatangulia mlangoni. Kasema anataka watu waelewe kwamba hapa chakula hakitoki jikoni kimefunikwa. Mteja anakaa, anapikiwa anaona.

Rula kaandika papo hapo: KAA MEZANI, TUKUPIKIE MBELE YA MACHO YAKO. Mama kapiga makofi, bangili zikaitika. Maneno mazuri, lazima nikubali. Sikukubali kwa sauti.

Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi na kuchapa. Rula kapima (si ndiyo kazi yake!), kasema TUKUPIKIE litagonga ukingo, nipunguze herufi zote kidogo. Nikamwambia bango kubwa halipunguzwi, linapunguzwa la waoga. Katingisha kichwa, kaenda kufunga kibao cha zahanati.

Nikabaki peke yangu na TUKUPIKIE. Kweli lilizidi. Kwa upana wa kidole kimoja! Nikazitazama herufi moja moja. K imekaa kiheshima. U imenona. Halafu nikaiona I. Nyembamba kuliko zote, haina tumbo wala mikono. Na humo ndani ziko mbili! Za nini? Ubadhirifu mtupu. Nikatoa moja. Inayobaki itamwakilisha mwenzake.

Neno likaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nikachapa. Chuo hakifundishi haya.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimemshughulikia Rula.

Dukani kwetu, bango likishatundikwa, aliyelifanya anaandika jina lake kwenye kona kwa kalamu nene. Kesho natundika mimi, na jina ni langu, peke yangu, kwa herufi zinazosomeka kutoka angani. Lakini bado kuna chakula cha Jumamosi. Rula anakula vizuri, hadondoshi. Bosi anapenda watu wasiodondosha.

Basi nikamwita kando kama ndugu. Nikamwambia, mwenzangu, nisingependa uaibike: tambi za Wajapani zinavutwa kwa kelele. Ukila kimya umemtukana mpishi, mama yake na bibi yake. Kauliza kelele kiasi gani. Nikasema mpaka meza ya jirani wageuke. Kaandika kwenye kidaftari! Kanishukuru! Kaniita rafiki wa kweli. Niliona haya kidogo, kama dakika moja hivi, kisha njaa ikaanza.

Nimeutunga wote kichwani, huo uongo. Safi kabisa.

Dada kanirushia karanga thelathini. Nimedaka moja, ila kwa jicho.

Ijumaa, 8 Machi

Nilipanda ngazi saa tatu asubuhi na bango langu. Ngazi ikashikwa na mpishi wa mgahawa, Mjapani mwenyewe, mtu mzima, mpole, kofia nyeupe, Kiswahili kakisomea darasani na anakitamka kama anabeba mayai. Nikafunga kamba ya mwisho. Nikatoa kalamu nene. Jina langu likiwa bado kwenye ncha ya wino, mpishi kainamisha kichwa kulia, kisha kushoto, kasema:

"Samahani sana, ndugu. Mimi nitampika nani?"

Nikasema chakula. Kasema hapana, bango halisemi chakula. Kahesabu kwenye vidole, taratibu: pika, pikia, pikwa, pikiwa. Kasema mwalimu wake alikuwa mkali sana juu ya herufi I.

Nikalisoma bango. Tangu Jumatano nilikuwa nalitazama, sikuwa nimelisoma.

KAA MEZANI, TUKUPIKE MBELE YA MACHO YAKO.

Roho ikashuka ngazi kabla yangu.

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mtoto mmoja kamuuliza mama yake kama wanaanzia miguuni, mama kambeba akavuka barabara. Bibi mwenye kikapu kasema yeye asihesabiwe, mifupa yake haitaiva leo wala kesho, watamaliza gesi bure. Fundi viatu wa kona ile kacheka mpaka kakaa chini kwenye kiatu cha mteja.

Kuchapa upya haiwezekani, turubai limekwisha. Nikafikiri haraka. Mimi ni mtu wa haraka. Kona ya bango ilikuwa bado tupu. Nikaandika: KAZI YA RULA. Nikachora na rula ndogo pembeni, isije ikaleta utata.

Kisha mbio kwa Bosi, kabla hajasikia kwa wengine. Nikamwambia, kwa uchungu mkubwa, kwamba Rula kaharibu. Bosi kauliza kama mimi sikuligusa. Nikasema hata kwa kidole. Kauliza tena. Nikaapa kwa kaburi la babu. Kauliza mara ya tatu, nikaongeza na bibi, ingawa bibi yu hai na ana afya kunishinda.

Bosi kasema kesho tutaona. Tawi ni langu! Nimeshaanza kufikiria kiti kinachozunguka.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa utaratibu ili nisilie.

Tumefika saa kumi na mbili jioni. Mlangoni foleni! Watu wanapiga picha chini ya bango, wanacheka, wanatuma. Wafanyakazi wa ofisi nzima wamekuja na bosi wao, wanasema wamemleta apikwe, aanze yeye. Kijana mmoja kamwambia mhudumu kwamba mkewe apikwe bila pilipili, tayari anayo ya kutosha. Mkewe kampiga na pochi. Ndani hakuna kiti kitupu.

Mama Mgahawa kamkumbatia Bosi, bangili zote zikimpigia shangwe. Kasema tangu jana simu haijapoa, meza zimeshikwa wiki nzima. Eti mabango mangapi mtaani yamesema karibuni, karibuni, na nani aligeuka? Kauliza nani mwenye akili hii.

Nikafungua mdomo. Bosi kanyoosha kidole kwenye kona. KAZI YA RULA. Na rula yake pembeni, nimeichora vizuri mno, hadi vile vistari.

Rula kasema si yeye, yeye aliandika TUKUPIKIE, yenye I. Bosi kamshika bega, kasema unyenyekevu huo ndio anaoutafuta kwa kiongozi. Nikasema, Bosi, ukweli ni kwamba I niliitoa mimi. Kaniangalia kwa huruma. Kaniuliza: na babu? Na bibi? Jana nimeapa kwa watu wawili, leo nimewageuka kwa sababu ya sifa? Nikaona bado kuna chakula. Kwa chakula naweza kurudisha heshima.

Tukakaa kwenye bamba. Kila mmoja kaletewa kisahani, juu yake kitu cheupe kimeviringishwa vizuri, kinatoa mvuke. Huu ndio wakati wangu! Nikamweleza Bosi kwamba hiyo ndiyo sushi ya kwanza, ya kufungulia tumbo, huliwa kabla ya maneno. Nikaishika kwa vijiti. Haikudondoka! Nikaichovya kwenye sosi ya soya, nikauma. Ngumu kidogo. Nikauma tena. Nikamwambia Bosi ladha yake imetulia. Halafu nikamwona Rula anafutia mikono ya kwake.

Ilikuwa taulo.

Nikaendelea kutafuna. Mtu ukishaanza jambo mbele ya bosi hurudi nyuma vipi? Mpishi kainama, kauliza kwa upole kama ndugu angependa nyingine iliyo kavu.

Zikaja tambi. Rula kafungua kidaftari, kasoma, kavuta. Mungu wangu! Kama bomba linalorudiwa na maji baada ya wiki. Meza tatu zikageuka. Nikasema moyoni, kwisha habari yake. Mpishi kaweka visu chini. Kainama mpaka kofia ikagusa bamba. Kasema tangu afike nchi hii, hakuna mtu aliyekula tambi zake kwa heshima ya kwao namna hiyo. Macho yake yalikuwa na maji.

Kumbe ni kweli! Nimetunga uongo mtupu, nao umegeuka kuwa ukweli njiani, ukaenda kumfaidisha mwingine. Rula kamwambia Bosi mbele ya wote kwamba ni mimi niliyemfundisha. Bosi kasema angalau nimefanya jambo moja jema wiki hii.

Kisha Bosi kasimama na glasi. Mkuu wa tawi jipya, kasema, ni Rula.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Na papo hapo, sikuwa hata naangalia, kamba akatua ndani. Wa moto! Katikati kabisa ya ulimi! Mgahawa mzima ukalipuka kwa makofi. Mpishi kapiga visu vyake kwa shangwe. Rula kasimama akanipigia makofi kuliko wote, mjinga yule, anafurahi kweli.

Kamba alikuwa mtamu. Ndicho kilichoniuma zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Ulimi umevimba. Nimemsimulia Dada yote kwa ishara. Kacheka tangu chai ya asubuhi mpaka nguo zimekauka. Kisha kaacha, kaniwekea uji uliopoa, kasema mdogo wangu, kama ungeandika jina lako tu kwenye ile kona, leo ungekuwa mkuu wa tawi.

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Dada kasema kweli. Nimejifunza.

Jumatatu, 11 Machi

Mimi ni mtu mpya! Rula kahamia tawini. Kabla ya kuondoka kaniachia rula yake ya chuma kama zawadi, nikaguswa, nikaificha.

Saa nne kaja mteja: mchinjaji wa kuku wa sokoni, mtu wa mabega, aproni bado ina manyoya. Anafungua banda jipya. Mteja analeta kuku wake, anachinjiwa, anaondoka. Kasema maneno anayo tayari, niyachape tu kama yalivyo: NJOO NA KUKU WAKO, TUKUCHINJIE HAPO HAPO.

Nikayatazama. Nikaiona. Iko pale kati ya J na E, nyembamba, haina tumbo wala mikono, inanikonyeza.

Nimepima kwa rula ya Rula. Nafasi ipo, tena inabaki. Haidhuru. Siri ya bango kubwa sasa naijua, na ni ya kwangu.

Bango limeshatoka kwenye mashine. NJOO NA KUKU WAKO, TUKUCHINJE HAPO HAPO. Na safari hii sikusubiri kutundika. Kwenye kona nimechapa kabisa, kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka angani, jina langu lote, la baba na la babu, namba ya simu, na mahali ninapokaa.

Mchinjaji anakuja kulichukua kesho asubuhi. Kasema atakuja na visu vyake, akitoka kuvinoa.