Mkakati Wangu Umewatoa Wagombea Wote

Leo nimeumbuka, tena mbele ya wajumbe wote wa kata. Naandika nikiwa bado nimevaa suruali iliyochanika gotini, na mtaelewa kwa nini.

Mnaonijua mnajua mambo yangu. Chama chetu kinatafuta mgombea wa udiwani, uchaguzi mdogo huu wa katikati ya muhula, maana diwani wetu ameacha kiti akaenda kwenye kazi nyingine. Na mimi tangu hapo nimewachosha kwenye hili grupu kwa maneno ya siasa mpya: vijana wapewe nafasi, wanawake wapewe nafasi, mjumbe apige kura kwa hoja na si kwa kanga na kilo ya sukari. Nakaa mjini, Area D, lakini kadi yangu ya chama iko kwetu Zuzu, na huko nilijipa cheo cha mtaalamu wa mikakati. (Hakuna aliyenipa. Nilijipa.)

Tatizo lilikuwa moja. Upande wetu wa mabadiliko ulikuwa na wagombea watatu. Sechelela, dada anayehangaikia kisima cha mtaa mpaka watu wa maji wakimwona wanajifanya wana kikao. Hamisi, dereva wa bajaji. Na Yohana, mwalimu wa kwaya. Upande wa pili alikuwa mmoja tu, Mzee Ndahani, aliyewahi kuwa diwani enzi mimi navaa kaptura ya shule. Hesabu yake haihitaji chuo: vijana watatu wakigawana kura, mzee anapita katikati. Mimi nilimtaka Sechelela. Tukimkosa yeye, kisima tukisahau.

Basi wiki hii nikamfuata Hamisi, nikamfuata na Yohana, kila mmoja kwa wakati wake. Nikawaomba wajitoe leo hadharani, wamwachie Sechelela. Wakakubali, Mungu awabariki. Hamisi nikamwandikia hotuba kabisa. Sechelela mwenyewe sikumwambia neno. Nilitaka ashtuke kweli, machozi yatoke, wajumbe waguswe. (Mtaalamu huyo.)

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Wajumbe tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Msimamizi wetu, Mama Chiku, akasoma masharti: hakuna makofi, hakuna ishara, na anayejitoa akishatamka amejitoa. Wagombea wakaokota karatasi za zamu ya kuongea. Hamisi wa kwanza, Sechelela wa pili, Yohana wa tatu, Mzee Ndahani wa mwisho.

Hamisi akasimama. "Ndugu wajumbe, kiongozi wa kweli hupimwa kwa namna anavyompisha mwenzake. Mimi najitoa. Namwachia dada yangu Sechelela."

Hotuba yangu hiyo. Mama mmoja pale mbele akafuta macho kwa pindo la kanga. Nikasema moyoni, kazi kwisha.

Akaja Sechelela. Machozi yakatoka kama nilivyopanga. Kilichofuata sikukipanga.

"Kaka Hamisi amenifundisha leo," akasema. "Kama yeye ameweza kumpisha mwenzake, mimi ni nani nisiweze? Yohana ameimba kwenye kila msiba wa kata hii na hajawahi kuomba kitu. Na mimi najitoa. Namwachia yeye."

Amebaki Yohana. Nikajiambia, sawa, abaki huyo huyo, mabadiliko ni mabadiliko, ila asijitoe. Na yeye huyo anasimama. Nikamkazia macho, nikanyoosha viganja viwili, nikavishusha taratibu kuelekea chini. Maana yangu ilikuwa: acha, kaa, usiseme.

Nilisahau kwamba yule ni mwalimu wa kwaya. Akaniona, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akashusha sauti. Akajitoa kwa sauti laini ajabu, ile ya Ijumaa Kuu.

"Ndugu zangu, niliahidi, na ahadi ni deni. Namwachia Sechelela."

"Sechelela si ameshajitoa?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Ameshajitoa," akasema Mama Chiku. "Na wewe Yohana umeshatamka."

Niliumia, jamani. Mkakati wa wiki nzima, na nimempa Mzee Ndahani ushindi bila yeye kufungua mdomo. Nilikiona kisima kinaondoka.

Mzee akainuka na fimbo yake, akatusalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi."

"Mbukwa," tukaitikia, mimi kwa sauti ya mgonjwa.

"Mimi nilichukua fomu kwa sababu niliambiwa vijana watatu wanataka kiti kimoja na hawasikilizani. Nikasema hawa watagombana mpaka kiti kiende kwa wapinzani. Leo nimekuja, nimewakuta wanapishana kama wakwe mlangoni. Roho yangu imetulia. Na mimi najitoa, nirudi kwa mbuzi wangu."

Darasa zima likaangua kicheko. Masharti ya Mama Chiku yakafia hapo hapo.

"Wameingia wagombea wanne, sasa sina hata mmoja," akasema Mama Chiku. "Wilayani nikaandike nini? Nani amewafundisha haya?"

Hamisi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akageuka akaninyooshea kidole. "Mkakati ni wa huyu, mama."

"Simama, mwanangu, tukuone."

Nikasimama. Dawati likasimama na mimi. Goti lilikuwa limenasa chini ya ule ubao wa kuwekea madaftari. Nikaenda nalo hatua moja, suruali ikachanika, nikaketi tena kwa kishindo. Mzee Ndahani alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwacheni mtaalamu," akasema. "Naye amejitoa."

Mama Chiku akawauliza wajumbe kama tuhesabu hakuna aliyejitoa. Wakakubali wote. Vijana watatu wakatoka nje wakazungumze wenyewe. Nilipotaka kuwafuata nikaambiwa nibaki na dawati langu. Chai haijachemka, wamerudi: Sechelela mbele, wenzake nyuma yake, na Mzee naye akasema kura yake iko hapo hapo. Nililolihangaikia kwa siri wiki nzima, wao wamelimaliza kwa kuulizana tu.

Utaratibu ni utaratibu, tukapiga kura hata hivyo. Kila mjumbe anaandika jina la anayemtaka, basi. Mama Chiku akaanza kusoma. Sechelela. Sechelela. Sechelela. Mimi natabasamu mpaka masikioni, goti limenitoka nje ya suruali na sijali kabisa. Akafika karatasi moja, akavaa miwani vizuri.

"Hii imeharibika," akasema. "Tulisema jina tu. Huyu ameandika Sechelela, halafu chini yake ameandika: Hongera sana dada, kisima kinakuja, mkakati umefaulu."

Darasa zima likageukia dawati langu.

Kwa hiyo Sechelela amepita kwa kura zote, isipokuwa ya mtaalamu wake. Msicheke. Nilikuwa na furaha, na karatasi ilikuwa na nafasi.