Vyura Waliolikataa Bwawa Langu

Jumapili, 2 Aprili
Sikukuu ya Matawi. Mke wangu Domicela karudi kanisani na tawi lake lililobarikiwa, akanichapa nalo begani kama ilivyo desturi. Ila kachapa kuzidi desturi. Kisa ni bwawa. Nililichimba yeye akiwa kwa dada yake, palepale alipopanda viazi miaka yote. Nilimwahidi vyura! Wageni wa mjini Krakow hulala kwa jirani Kajetan, ng'ambo ya barabara, ili tu wasikilize vyura wake. Vyumba vyetu vya wageni vinalaza buibui. Bwawa langu halina hata kiluwiluwi.

Hukumu imetolewa mezani, tukinywa supu: "Gerwazy, nakupa mpaka Pasaka. Chura asipolia humo, nafukia shimo, napanda viazi vyangu."

Mimi nishindwe na viazi? Tutaona.

Jumatatu, 3 Aprili
Zamu yangu ya vyura. Kila theluji ikiyeyuka wanashuka kutoka msituni. Uzio wa nailoni unawazuia kando ya barabara, wanatumbukia kwenye ndoo tulizozika, nasi wanakijiji tunawabeba kwa zamu hadi bwawa la Kajetan wasipondwe na malori ya magogo. Sheria inawalinda wote. Jagna, afisa wa misitu, alitusomea adhabu mara mbili, na mara zote mbili aliniangalia mimi.

Leo ndoo moja imevuka barabara. Nyingine zimeishia kwangu. Akili ni nywele!

Jumanne, 4 Aprili
Bwawa tupu. Nimekwenda uzioni, nikamkuta Kajetan na ndoo. Juu kabisa kakaa jike nene, chongo, yule yule niliyemtia bwawani jana kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeshampa jina: Mheshimiwa. Kajetan akaniambia kwamba vyura hurudi kwenye maji walikozaliwa, hata uwajengee ikulu.

"Mkataa kwao mtumwa, Gerwazy. Hata chura analijua hilo."

Alisema huku akijikuna sharubu. Ananishuku huyu.

Alhamisi, 6 Aprili
Zamu yangu tena, na Mungu si Athumani: mvua ya jana imeshusha vyura wengine tele. Wote kwangu. Dawa ya mtoro ni ukuta. Nimeng'oa kipande cha uzio mbele ya nyumba, nikalizungushia bwawa. Wakikaa siku chache watasahau kwao. Nimemsimulia Domicela habari za Mheshimiwa, maana leo pia nimemwona mwenye chongo kama yeye. Habari za uzio sikumsimulia.

Ijumaa Kuu, 7 Aprili
Mvua usiku kucha. Asubuhi uzio wangu umelala matopeni, bwawa tupu. Hapo ndipo nikakumbuka lile pengo nililoliacha kwenye uzio wa barabarani. Vyura wangu wote wamepita pengoni, na malori hupita alfajiri!

Nilikimbia na kandambili, moja ikabaki matopeni. Sikuthubutu kutazama lami. Nikatazama. Safi. Hata mmoja hakupondwa.

Kwenye kona lori limesimama, dereva anakunywa chai kwa kikombe chetu. Katikati ya barabara yuko Domicela, kashika kitambaa chake chekundu kama bendera, na Kajetan na ndoo zake, wote wameloa chapachapa. Mke wangu aliliona pengo tangu jana jioni. Hakuniambia neno.

"Wamevuka wote," akasema. "Hata Mheshimiwa wako."

Nilikaa kando ya barabara nikalia. Sioni haya kuliandika. Kajetan akanipa leso. Ilinuka vyura.

Jumamosi, 8 Aprili
Nimerudisha uzio. Jagna kapita, katazama nguzo zilivyopinda, kauliza kama ni upepo. Domicela kajibu kuwa ni upepo kweli, tena upepo mzee mwenye upara. Jagna akasema basi huo upepo uoshe ndoo zote mpaka msimu uishe. Adhabu hakuitaja. Alhamdulillahi, wangesema wengine. Mimi nilimbusu mkono.

Jumatatu, 10 Aprili
Pasaka jana imepita bila chura kulia. Leo ni Jumatatu ya Pasaka, siku ya kumwagiana maji. Domicela kanijia na jembe begani na ndoo iliyojaa maji ya bwawa. Yote kichwani kwangu! Kitu kikateleza ndani ya shati. Nikafungua vifungo. Chura mdogo, tumbo la manjano, aina ile ya huku milimani inayoridhika na dimbwi lolote. Hakuna aliyembeba. Kaja kwa miguu yake. Akakaa juu ya kitambi changu, akalia: uu, uu.

Domicela akatua jembe.

"Pasaka haijaisha mpaka maji yaishe," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Bwawa linabaki. Viazi vitapandwa nyuma ya zizi, na nitalima mimi. Nitalima kwa furaha!

Yote haya ni matunda ya mipango mizuri. Sasa, nyuma ya kiwanda chake cha mbao Kajetan ana rundo la maranda yaliyooza. Nyoka wakubwa wasio na sumu, nao wanalindwa na sheria, hutaga humo, na wageni hupanga foleni kuwapiga picha. Nyoka si chura. Nyoka hafuati kwao, anafuata maranda.

Nimeshaazima toroli. Kwa Kajetan.